Ngao ya Ole Parmuat

Wiki niliyorudisha funguo za ofisi, mlinipa keki, saa ya ukutani na ushauri kwamba niandike kitabu. Keki iliisha siku hiyo hiyo. Saa niliitundika sebuleni kwangu Kitengela, na tangu hapo ndiyo inayozungumza kuliko mtu yeyote katika nyumba hiyo. Kitabu sina. Nimezunguka mawe ya nchi hii kwa miaka mingi, na nikikaa kitini jioni nagundua kwamba yaliyobaki kichwani ni jiwe moja. Basi nitawaandikia hilo.

Kuhusu vyeo na mishahara sina la kuwaambia ambalo hamjalisikia kwenye foleni ya chai. Kazi yenyewe mnaijua: kwenda mahali ambapo watu wa kale walichora ukutani, kuangalia kama michoro bado ipo, kuipiga picha, kurudi. Mama yangu kule Bungoma alikufa akiamini natafuta dhahabu ya Wajerumani na kwamba siku moja nitaipata. Nilijaribu kumweleza. Alinitazama kwa huruma na kuniongezea ugali.

Aliyenifundisha ni Bi. Kerubo, mama mfupi aliyekuwa mkuu wa kitengo chetu nilipoajiriwa kutoka chuo kikuu. Masomo yake yalikuwa mafupi kama yeye. Usiguse. Usiyamwagie mawe maji ili rangi zionekane. Jiwe si maharagwe. Usipige picha saa sita, maana utapiga picha ya joto. Alinikabidhi rula yenye mistari myeusi na myeupe ya kuweka kando ya mchoro, brashi laini ya kupangusa vumbi chini ya ukuta (siyo ukutani, chini ya ukuta), na kioo cha kunyolea cha kurushia mwanga pembeni. Mwavuli ilinibidi nitafute mwenyewe. Nilichukua wa mke wangu, wa rangi ya waridi wenye maua. Ukitaka wafugaji wa Kajiado wakukumbuke, nenda kwao umevaa buti mpya na kofia ya mtafiti, halafu fungua mwavuli wa aina hiyo.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa kwenye mto mmoja wa mchanga ng'ambo ya mji wa Kajiado, upande wa vilima. Nasema mto kwa heshima. Karibu mwaka mzima ni barabara pana ya mchanga mweupe inayopinda kati ya migunga, na maji yamejificha chini yake; wanawake huchimba visima vya mkono wakayachota kwa kikombe. Mvua ikinyesha vilimani, unakuja ukuta wa maji ya rangi ya kahawa, unapita na miti, mbuzi na viatu vya watu, na baada ya siku chache ni barabara tena. Kwenye kona moja ya mto huo, ukingo wa mbali, mwamba umetokeza kama paa la kibaraza. Watu wa huko waliuita Osoit tu, yaani jiwe. Hawakuona haja ya jina refu.

Gari la ofisi lilikuwa limekufa, kama kawaida yake nilipolihitaji, kwa hiyo nilifika Kajiado kwa basi, nikapanda lori lililokuwa linarudi kutoka mnada wa mifugo, nikamalizia kwa miguu. Chini ya mwamba niliwakuta mbuzi wawili na mwanamume mrefu aliyejifunga shuka, amesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo. Huyo alikuwa Ole Parmuat, mlinzi wa mahali pale, ambaye ofisi yetu ilimlipa kidogo na kumsahau sana.

"Ero, kijana," akasema, akipima kofia yangu kwa macho, "wewe ndiye serikali imetuma kuangalia mawe?"

"Ndiyo, mzee."

"Yamefanya nini?"

Shahada yangu haikuwa na jibu la swali hilo. Nikasema yamechorwa. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayethibitisha shtaka, akaniongoza ndani.

Ukuta wa ndani ulikuwa na tabaka mbili. Chini, zimefifia, zilikuwa duara nyekundu, moja ndani ya nyingine, na alama kama ngazi. Hizo ndizo za kale kweli, ndizo nilizosomea. Juu yake, kwa rangi nyeupe na nyekundu nzito, zilikuwa ngao za Kimaasai na alama wanazochomwa ng'ombe, kazi ya morani wa vizazi vya karibu. Nilimuuliza Ole Parmuat maana ya zile duara.

"Hizo tulikuta," akasema. "Tulifikiri wazee wetu wanajua. Wazee wetu walifikiri wazee wao wanajua. Wewe ndiye umesoma, si utuambie?"

Sijamjibu mpaka leo.

Ngao ndizo alizoweza kunieleza, kwa sababu alikuwa mmoja wa waliozichora. Pale palikuwa mahali pa olpul, kambi ya nyama. Morani walichukua ng'ombe, wakaenda naye mbali na maboma, wakachinja chini ya mwamba na kukaa huko wakila nyama na kunywa supu ya mizizi mpaka wapate nguvu. Mafuta yakiwa mengi, mtu aliyachanganya na udongo mweupe, akachora ngao yake ukutani. Mwanamke aliyeolewa haruhusiwi kuiona nyama ya morani, kwa hiyo hakukaribia mahali hapo hata siku ambazo hapakuwa na mtu. Mahali ni mahali, alisema.

"Na ya kwako ni ipi?" nikamuuliza.

Akanionyesha. Kwenye kipande cha ukuta kilichotokeza karibu na mdomo wa pango kulikuwa na ngao tatu. Mbili zilikuwa nzuri ajabu, pande zake zimelingana kama zimepimwa kwa kamba. Ya tatu ilikuwa na umbo la kiazi kitamu. Upande mmoja ulivimba, mwingine ulikuwa umeingia ndani, na mstari wa katikati ulianza vizuri ukakata tamaa njiani.

"Hii," akasema.

Nilitafuta neno la kitaalamu.

"Usihangaike," akasema. "Rika langu walicheka mpaka mmoja akatapika supu. Lakini mkono wa kushoto nilikuwa nimeshika ubavu wa ng'ombe. Nikiuweka chini, wale jamaa wanaumaliza. Wewe ungeuweka chini?"

Nilikubali kwamba nisingeuweka.

"Sasa sikiliza. Nyumbani nilisema yangu ndiyo nzuri kuliko zote. Mke wangu anaamini. Nani atamwambia? Hawezi kuja hapa. Wewe ukipita kwangu kunywa chai, utasema nini?"

"Nitasema chai ni tamu."

"Umesoma kweli," akasema Ole Parmuat.

Nilirudi huko kila mwaka, wakati mwingine mara mbili. Nilipiga hema langu ukingoni, nikakaa siku kadhaa nikilinganisha ukuta na picha za mwaka uliotangulia. Vijana mnaotumwa sasa kwa gari na kurudi jioni hamjui upweke wa kazi hii, na sijui kama niwaonee wivu au niwape pole. Mchana unatazama duara nyekundu iliyochorwa na mtu ambaye hata jina la lugha yake limepotea. Jua likishuka unapika mchele wako, na kitu pekee kinachosogea ni mchanga. Ole Parmuat alikuwa akija na fimbo yake, akaketi, akasengenya watu wa vijiji vitatu ambao sikuwafahamu mpaka nikawafahamu. Nilicheka naye kuliko nilivyocheka na mtu yeyote ofisini. Mke wangu mwenyewe alikuwa mwalimu Kimilili na alikataa kuhamia Kitengela. Alisema hawezi kuacha mahindi aje kuishi na vumbi. Ndoa yetu ikawa ya likizo. Mwaka mmoja likizo haikufunguliwa, na sikumbuki kama kuna aliyempigia mwenzake simu kuuliza kwa nini.

Kisha mwaka mwingine nikafika kwenye kona ya mto, nikawa navuka mchanga, sauti kali ikanipiga mgongoni kutoka ukingo niliotoka.

"Wewe! Toka hapo! Hiyo jiwe iko na wenyewe!"

Chini ya mgunga alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, shanga shingoni, chupa ya chai kando. Nilimtambua nilipokaribia. Nilikuwa nimekunywa chai yake mara nyingi. Alikuwa Ng'oto Sein, mama yake Sein, mke wa Ole Parmuat.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimu, kama anavyosalimiwa mama wa huko.

"Iko," akaitikia kwa Kimaa. Halafu akanitambua. "Ah, ni Bwana Mawe. Nilifikiri ni mwizi. Kaa chini."

Ole Parmuat alikuwa amekufa wakati wa mvua, kwa kifua. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa wakakubaliana kwamba kazi ya ulinzi ibaki nyumbani kwake, na ofisi yetu, angalau mara hiyo, haikupinga. Lakini kulikuwa na jambo ambalo mtu wa Nairobi asingelifikiria. Mlinzi mpya hakuweza kuingia mahali alipokuwa analinda.

"Lakini, Yeyo, siku hizi hakuna olpul hapa," nikasema. "Vijana wako shule. Hakuna nyama imeliwa hapo tangu zamani."

"Nimeolewa," akasema.

"Najua, lakini mzee..."

"Mzee kukufa hakuniachisha ndoa."

Sikuligusa tena jambo hilo. Alilinda kutoka ng'ambo, akiwa na mto wa mchanga kati yake na mwamba, na alilinda vizuri kuliko mlinzi yeyote niliyewahi kuwa naye, maana sauti yake ilivuka mto bila shida. Wanafunzi waliokuja kuandika majina yao ukutani walikimbia wakaacha mifuko.

Kila nilipomaliza ukaguzi nilivuka kurudi kwake, akanimiminia chai ya maziwa, akauliza swali moja.

"Ngao yake iko?"

"Iko, Yeyo."

"Rangi haijaisha?"

"Bado nyeupe."

"Ile ingine ya rafiki zake haiwezi kuishinda."

"Chai yako ni tamu sana, Yeyo."

Nilidhani mwanzoni ni maringo ya mjane. Mwaka mmoja wa kiangazi kibaya akaniambia mwenyewe, akiangalia upande wa pili. Ng'ombe aliowaacha mzee walikuwa wamekufa wote. Nyumba aliyoijenga ilikuwa imeanguka. Picha yake moja tu iliwahi kupigwa, ile ya kitambulisho, na mtu akifa kitambulisho kinarudishwa kwa serikali.

"Sura yake inaanza kunitoka," akasema. "Sauti niko nayo. Sura inaenda. Kitu ya mkono wake imebaki moja hapa duniani, na ni hiyo. Kwa hivyo wewe angalia vizuri."

Niliangalia vizuri. Miaka iliyofuata nilianza ukaguzi kwa kile kiazi kitamu, kisha ndipo nikaenda kwenye duara za kale ambazo ndizo zilinilipa. Hilo halimo katika mwongozo wa kazi. Mkitaka, liongezeni.

Sasa mchanga. Kitengela niliyohamia ilikuwa maduka machache na pundamilia upande wa pili wa barabara. Mkiiona leo, na ghorofa zake zinazoota kabla hujamaliza kulipa kodi ya mwezi, jiulizeni saruji ile ilichanganywa na nini. Saruji inatoka Athi River, jirani. Mchanga unatoka mitoni. Malori yalianza kwa kuiba iba, kisha yakaja mchana, kisha yakaja na vibali. Nyumba ninayopanga ilipigwa plasta mbele ya macho yangu, na nilipopitisha kidole ukutani nilizitambua zile chembe nyeupe. Usiku nililala ndani ya mto ambao mchana nilitumwa kuutetea.

Hiyo ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizopata. Mchora jina ukutani utamfukuza. Mtu anayechukua mchanga hata haugusi ukuta wako. Yuko kule juu ya mto na sepetu, anatafuta chakula cha watoto. Lakini mchanga ndio uliokuwa unaushika ule ukingo. Nilipofika mara ya kwanza, nilipanda kutoka mtoni kwenda chini ya mwamba kwa hatua moja. Baadaye nilihitaji kupanda kwa mikono na magoti. Mwishoni nilibeba ngazi. Visima vya akina mama vilizidi kwenda chini. Nilienda kwa chifu, nikaenda kwa wakubwa wa Kajiado, nikasimamisha bango la onyo ambalo nguzo zake zilikuja kuwa zizi la mbuzi. Mama Sein aliwafukuza wapakiaji wa mchanga kwa sauti mpaka wakahamia nyuma ya kona ambako hawamwoni. Mto ukaendelea kushuka, na ukingo ukabaki unaning'inia kama jino.

Nilikuwa nimeshaomba kustaafu mapema, nikisubiri barua, Mama Sein aliponipigia simu asubuhi moja ya mwanzo wa mvua.

"Bwana Mawe, imelia."

"Nini imelia, Yeyo?"

"Jiwe. Imelia kama ng'ombe, halafu imeanguka. Kuja."

Nilifika mchana. Kipande chote cha mdomo wa pango kilikuwa kimevunjika na kuteleza hadi katikati ya mto. Kilikuwa kikubwa kama kitanda cha watu wawili, kimelala kifudifudi mchangani. Mahali kilipotoka, mwamba ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Zile duara nyekundu, huko ndani, zilikuwa salama, na sitawaficha kwamba nilizikagua kwa dakika chache tu.

Mama Sein alikuwa amesimama kwenye ukingo wake. Hakuwa ameshuka.

"Yake ilikuwa upande gani?"

"Kwa hiyo iliyoanguka."

"Iko juu ama chini?"

"Iko chini, Yeyo. Imelalia uso."

Nilipigia ofisi simu. Mkubwa wangu wa wakati huo, kijana mwenye adabu, alisema nisiguse chochote. Lori lenye winchi litatoka Nairobi likipatikana. Nikamwuliza litapatikana lini. Akasema ndiyo maana amesema likipatikana. Niliangalia vilima. Mawingu yalikuwa yameshika vichwa vyake, meusi chini, na upepo ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Maji yakija, jiwe lile lingekokotwa kwa uso juu ya changarawe, na udongo mweupe uliochanganywa na mafuta ya ng'ombe hauwezi kuhimili hata mara moja.

Usiguse. Nilikuwa nimewafundisha wengi wenu neno hilo kwa kidole juu. Nilisimama na brashi yangu kando ya jiwe ambalo watu kumi wasingeliinua, nikajiona mjinga kama siku ya kofia. Kisha nikafunga mwavuli nikatembea kupanda mto, kuzunguka kona, hadi kwa wapakiaji.

Walikuwa wanajaza lori. Msimamizi wao aliitwa Musyoka, mtu mpana mwenye kofia ya kanisa, ambaye nilikuwa nimemripoti kwa chifu mara nyingi kiasi kwamba tulisalimiana kama majirani.

"Mkubwa," akasema, akiegemea sepetu, "leo unatufukuza ama unatushtaki?"

"Leo nataka msaada."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Serikali inataka msaada. Andikeni mahali." Kisha akaona uso wangu. "Nini imetendeka?"

Nikamweleza. Aliangalia mawingu, akaangalia lori ambalo bado lilikuwa na nafasi ya nusu, akaita watu. Walikuja na mitaimbo, magogo na mnyororo wa kuvutia lori likikwama. Mama Sein aliwaona wakitokea kwenye kona, akawapokea kutoka juu.

"Nyinyi mumekula miguu yake," akapaza sauti, "sasa kujeni muinue kichwa!"

"Pole, shosho," akasema Musyoka.

"Pole yako ifanye kazi!"

Ilifanya kazi. Walichimba upande mmoja wa jiwe, wakaingiza magogo, wakaning'inia kwenye mitaimbo wakiimba kwa Kikamba. Mimi nilizunguka nikisema polepole, polepole, mpaka Musyoka akaniomba niende nikashike mwavuli. Kona moja ilivunjika kwa mlio uliopita katika meno yangu. Kisha jiwe likasimama kwa ubavu, likafikiri, likalala chali kwenye tuta la mchanga walilokuwa wametayarisha. Nilipiga magoti nikapangusa vumbi. Ngao zote tatu zilikuwepo.

Nikainua macho. Mama Sein alikuwa bado juu ya ukingo.

"Bwana Mawe," akasema, si kwa kelele sasa, "hapo imelala ni wapi?"

"Ni mtoni, Yeyo."

"Hapo kando, mimi huchota maji tangu niletwe hapa nikiwa bibi arusi."

"Najua."

"Kwa jiwe sijaenda." Akaanza kushuka, akishikilia mizizi. "Jiwe ndiyo imekuja kwangu."

Wapakiaji wakasogea kumpisha. Alizunguka jiwe mara moja, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha akainama kwenye ngao ya kwanza, ile nzuri kuliko zote, pande zake zimelingana, mstari wa katikati umenyooka kama uzi. Akaweka kiganja juu yake.

"Ni hii," akasema. "Alisema ukweli."

Macho yake yalikuwa yamejaa. Musyoka akavua kofia. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mtu pekee aliyejua nilikuwa mimi. Ole Parmuat alikuwa ameniomba nikiwa kijana nisiseme, na sikusema miaka yote. Ningeweza kunyamaza tena. Ni kazi niliyoizoea. Lakini niliuona mkono wake umetulia juu ya rangi ya mtu mwingine, mmoja wa wale waliomcheka kambini, na ukuta wa maji ulikuwa njiani. Hakungekuwa na mara ya pili ya kuonyeshwa.

"Yeyo," nikasema, "si hiyo."

Akageuka.

"Ni hiyo ya mwisho. Hiyo ya pembeni."

Aliiangalia. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine, kama kwamba huenda ikanyooka. Akaangalia ile nzuri, akarudi. Nilianza kutafuta neno, na kama siku ile ya kwanza sikulipata.

"Hii?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Hii ni ngao ama ni figo?"

Mpakiaji mmoja alicheka, akakohoa kuficha. Mama Sein hakumsikia. Alikuwa amechuchumaa, uso karibu na jiwe, anaufuata kwa kidole ule mstari wa katikati mpaka pale ulipokata tamaa. Kidole kikasimama hapo.

"Alikuwa anakula," akasema.

Sikuwa nimemwambia. Naapa sikuwahi kumwambia mtu.

"Alikuwa anakula! Angalia, mkono mmoja unafanya kazi, ingine iko na nyama. Hivi ndivyo alikuwa anafunga geti. Hivi ndivyo alikuwa anashika mtoto!" Na akacheka, cheko la kutoka tumboni lililomfanya akae chini mchangani, shanga zinagongana, machozi yanashuka huku akicheka, akipigapiga kile kiazi kitamu kwa kiganja kama mtu anavyopiga bega la mwenzake. "Ni yeye. Aiyai, ni yeye huyu. Nimemwona."

Wapakiaji walicheka naye, na mimi nikacheka, na kwa muda kidogo mto ule ulikuwa mahali pa watu.

Ngurumo ilisikika vilimani. Musyoka aliniangalia nami nikamwangalia. Lori la Nairobi lisingefika, sote tulijua, na jiwe lile halikuwa la kwenda popote isipokuwa mto uamue. Niliinama nimwambie kwamba itabidi tupande ukingoni.

"Ngojeni kidogo," akasema bila kugeuka. "Simameni huko mbali. Niko na maneno na mzee."

Tukasogea. Alianza kuongea kwa Kimaa, kwanza polepole, kisha kwa kasi, kidole kikiinyooshea ile ngao ya pembeni. Kimaa changu ni cha chai na maamkizi, lakini sauti ya mtu anayegombezwa na mkewe kwa sababu ya uongo wa miaka mingi haihitaji mkalimani. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu aliponigombeza hivyo, kwa haki kamili na bila haraka, na sikuikumbuka.

"Anasema nini?" Musyoka akaninong'oneza.

"Anamwambia."

"Anamwambia nini?"

"Yote."

Akaitikia kwa kichwa. Matone ya kwanza yakaanguka, mazito, yakitoboa mchanga. Hakuna aliyemwita. Tulisimama pale na mitaimbo yetu, wanaume kumi na mwavuli mmoja wa maua, tukimsubiri mke amalize na mume wake.